Ndoano za Samoni Nilizouziwa Kisumu

Kuna duka moja la vifaa vya uvuvi mjini Kisumu, ambalo jina lake sitalitaja, lililoniuzia ndoano za kuvulia samoni ili nikavulie fwani, samaki wa mtoni mwenye midomo minene, katika Mto Sondu, na tangu siku hiyo kila nikipita mtaa ule damu hunichemka.

Shida iliyonipeleka dukani inajulikana na kila anayevua mtoni. Samaki anauma, mshipi unatikisika, unavuta, hupati kitu. Ndoano za sokoni nilizozizoea huwa butu hata zikiwa mpya: ukiburuta ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, inateleza badala ya kukwama, na ndoano inayoteleza juu ya ukucha haiwezi kupenya mdomo mnene wa fwani, hasa pale ambapo mkondo umeupinda mshipi na nguvu ya mkono wako inaishia katika kuunyoosha kabla haijamfikia samaki. Mshipi wa nailoni huzidisha taabu hiyo, kwa kuwa wenyewe hurefuka unapovutwa.

Basi niliomba ndoano kali za namba 4. Kijana aliyekuwa akiuza akaniletea kwanza 4/0, za kuvulia mbuta ziwani, kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali namba za kawaida zikipanda ndoano hupungua ukubwa, na zile zenye sufuri zikipanda ndoano hukua. Muuza ndoano asiyelijua hilo hana tofauti na muuza viatu asiyejua saizi. Hatimaye akatoa pakiti iliyozibwa pande zote, yenye picha ya samoni akiruka, bei yake mara kadhaa ya zile za sokoni. Nilimwomba aifungue nipime ncha kwa ukucha. Akasema, bila kuniangalia, kwamba pakiti ikifunguliwa imeshanunuliwa. Nikalipa.

Mtoni mambo yalianza vizuri ajabu. Nilitia mnyoo, nikautupa mshipi kando ya mawe ambapo maji yanapunguza kasi, na haukupita muda fwani akashika. Alishika kweli, ufito ukapinda, akapanda juu mpaka nikauona ubavu wake wenye rangi ya shaba, akatikisa kichwa, mshipi ukalegea. Akaja mwingine, ikawa vilevile. Nilipoitoa ndoano majini na kuiinua kwenye jua ndipo nilipoona kwamba chini ya ncha, mahali panapopaswa kuwa na ule mwiba mdogo unaorudi nyuma ili kumzuia samaki asichomoke, hapakuwa na kitu. Waya ulikuwa laini tupu kuanzia kwenye pindo hadi nchani.

Ndoano za namna hiyo zina kwao na zina sababu yake. Katika mkoa wa British Columbia, huko Kanada, sheria inamtaka mvuvi wa samoni atumie ndoano isiyo na mwiba, kwa sababu huenda akalazimika kumrudisha samaki majini akiwa hai. Samoni wa Pasifiki hata hali chakula tena akishaingia mtoni kwenda kutaga. Hushika chambo kwa hasira au kwa mazoea. Hayo yote ni mazuri, lakini mimi navua samaki wa kupika, na mtu anayeuza ndoano kando ya Ziwa Viktoria ana wajibu wa kumwambia mteja kile asichoweza kukiona ndani ya pakiti.

Nilirudi dukani nikiwa na pakiti mkononi na risiti mfukoni, nikaeleza kwa upole. Yule kijana hakuigusa pakiti. Alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mzee, samaki amekuponyoka, sasa unataka nije nikuvulie?" Wateja waliokuwapo wakacheka. Nina wajukuu wanaokaribia umri wake. Hata neno "pole", ambalo hapa kwetu mtu humpa mpita njia aliyejikwaa, halikumtoka kinywani. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma akihesabu pesa, na hakuinua kichwa.

Ningependa kuishia hapo na kusema ndoano zile ni takataka, lakini nitakuwa nasema uongo. Kwa kuwa fedha zilikuwa zimeshakwenda, niliendelea kuzitumia, na inaniuma kukiri kwamba sijawahi kuwa na ndoano inayopenya kama hizi. Mwiba wa ndoano ya kawaida ni kama uvimbe ambao lazima usukumwe ndani ya nyama. Pasipo uvimbe huo ncha hupita kwa mvuto mdogo tu. Fwani wanaoshika wameongezeka waziwazi. Kazi iliyobaki ni kutoulegeza mshipi hata kidogo: ufito uwe juu, samaki akikimbilia upande wako kunja mshipi haraka, akishuka na mkondo shuka naye kando ya mto. Kwa kambare wa matopeni, ambaye hujizungusha, bado napendelea ndoano ya sokoni yenye mwiba, niliyoinoa kwa tupa ndogo mpaka ikwame kwenye ukucha.

Kwa hiyo bidhaa naisifu, japo si kwa moyo mweupe, na kwa bei ile naona bado nilipunjwa. Huduma siwezi kuipa hata alama moja. Nilikuwa nimepanga pia kununua pale mshipi wa kusuka, usiorefuka, ambao nadhani ungenifaa zaidi pamoja na ndoano hizi, lakini nimeagiza uletwe kutoka Nairobi kwa basi, gharama juu yangu. Pakiti ya ndoano ikiisha, nitamtuma mpwa wangu akanunue nyingine pale pale, maana kwingine sijaziona, na nimeshamwambia asitaje ametumwa na nani.