Mwaka mmoja wa marudio ya habari kwa mtihani wa benki India: uzoefu wangu

Binamu yangu aliyeko Tanga anajiandaa kuhamia huku Gujarat, na ameniuliza mara tatu kama alipie ile huduma ya marudio ya habari niliyoitumia mimi, yaani huduma ya simu inayokukusanyia habari za matukio ya karibuni ili uzirudie kwa ajili ya mtihani wa benki. Nimemjibu kwa simu vipande vipande. Sasa naandika yote mahali pamoja, kwa sababu najua hayuko peke yake. Waswahili wenye asili ya India tuliorudi kuishi huku tuko wengi kuliko watu wanavyodhani, na matangazo ya mitihani ya benki yanatutaja kabisa: mtu mwenye asili ya India aliyehama kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine kadhaa kwa nia ya kuishi India moja kwa moja anaruhusiwa kuomba, mradi awe na cheti cha kustahiki kutoka Serikali ya India. Mimi nimezaliwa Tanga, ukoo wetu ni wa Mandvi, Kutch, na sasa tunaishi Bhuj. Cheti ninacho.

Mtihani ninaouzungumzia ni ule wa IBPS, taasisi ya India inayoendesha mitihani ya ajira za benki, wa kutafuta maofisa wa mabenki ya umma. Una ngazi kuu tatu: mchujo, mtihani mkuu, halafu usaili. Kwenye mchujo hakuna habari hata swali moja. Ni Kiingereza, hesabu na mantiki. Habari zinakungoja kwenye mtihani mkuu, hasa habari za uchumi na benki. Hapo hakuna kukokotoa, unalijua jibu au hulijui, na kila jibu baya linakula robo ya alama za swali hilo. Mwaka 2024 nilivuka mchujo vizuri, nikaangushwa na sehemu hiyo. Nilikuwa nasoma magazeti kila siku, lakini sikuwa narudia. Januari 2025 nikalipa rupia 1,200 za mwaka mzima.

Unachopata ni hiki. Kila asubuhi faili la kurasa saba au nane linaingia kwenye programu ya simu, kwa Kiingereza na Kihindi. Jumapili kuna jaribio la maswali hamsini. Mwisho wa mwezi habari zote zinakusanywa katika faili moja, na kila baada ya miezi sita linatoka kusanyiko kubwa lenye kurasa zaidi ya mia tatu. Kuna pia kundi la Telegram la kuuliza maswali.

Nianze na jaribio la Jumapili, maana ndilo lililonifaa kuliko vyote. Maswali yanatungwa na mtu anayeujua mtihani. Hayakuulizi tu nani kateuliwa au nani kapewa tuzo. Yanakupa sentensi tatu kuhusu jambo moja, halafu yanakutaka useme zipi ni za kweli. Nakumbuka lile la Mei kuhusu benki za vijijini. Tarehe 1 Mei 2025 benki hizo ziliunganishwa ili kila jimbo libaki na moja, zikapungua kutoka 43 hadi 28, na kwetu Gujarat ile ya Baroda Gujarat na ile ya Saurashtra zikawa Gujarat Gramin Bank. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara mbili na nikaamini naijua. Jaribio likaniuliza idadi ya kabla, idadi ya baada, na makao makuu ya benki mpya ya jimbo langu mwenyewe. Nilipata moja tu kati ya matatu. Tangu siku hiyo 43, 28 na Vadodara havijanitoka kichwani. Kwa jaribio hilo peke yake, nasema pesa yangu haikupotea.

Faili la kila siku ni la kawaida. Ukisoma gazeti la *The Hindu* au *Indian Express* kwa nusu saa, kisha ukapitia taarifa za Press Information Bureau, idara ya habari ya serikali, ambazo ni bure, umepata yaliyomo na zaidi. Kufika Machi nilikuwa silifungui tena.

Tatizo langu kubwa lilianzia kwenye makusanyiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtahiniwa anapoumia bila kujua.

Aprili 2025 jeshi la majini la India lilifanya mazoezi pamoja na jeshi letu la Tanzania pale Dar es Salaam. Yanaitwa AIKEYME, yalifanyika tarehe 13 hadi 18, na nchi kadhaa za Afrika zilishiriki. Kwa mitihani ya India majina ya mazoezi ya kijeshi ni chakula cha kila siku: Surya Kiran ni na Nepal, Varuna ni na Ufaransa, Nomadic Elephant ni na Mongolia, lazima uyajue. Nilipoiona habari hiyo nilifurahi sana, nikamwita mama aje aone. Chini ya habari wakaweka kisanduku cha rangi, kama wanavyofanya kwa kila nchi: mji mkuu, sarafu, kiongozi. Mji mkuu wa Tanzania wakaandika Dar es Salaam.

Mtoto wa shule ya msingi Tanga anajua ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamia huko ulifanyika 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Nikaandika kwenye kundi siku ileile. Msimamizi alinijibu kwa adabu, akashukuru, akasema watarekebisha. Kusanyiko la mwezi likatoka na kosa lilelile. Julai likatoka la miezi sita, nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule: Dar es Salaam.

Kosa la mji mkuu wa nchi yetu halikuniumiza mimi, kwa sababu nilikuwa najua. Kilichoninyima usingizi ni vile visanduku vingine. Kama wamekosea pale ninapopajua, je, Mongolia, Guyana, Kazakhstan na kwingine ambako mimi sijui lolote? Nilikuwa nimeshakariri visanduku zaidi ya mia moja kwa imani tu. Ilibidi nivirudie vyote kimoja kimoja, na kazi hiyo ilinila wiki mbili za Julai ambazo nilizitengea hesabu.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni riba ya repo. Kwa asiyeijua, ni riba ambayo benki kuu ya hapa, Reserve Bank of India, inayatoza mabenki yanapokopa kwake kwa muda mfupi. Ni jamaa wa ile Riba ya Benki Kuu ambayo Tanzania ilianza kuitumia Januari 2024. Kwenye mtihani wa benki hii ndiyo namba mama. Mwaka 2025 ulianza ikiwa asilimia 6.50. Februari ikashuka hadi 6.25, Aprili 6.00, Juni 5.50. Sasa fungua kusanyiko la Januari hadi Juni. Kwenye sura ya Februari utakuta sanduku limeandikwa "riba ya sasa 6.25". Ya Aprili, "riba ya sasa 6.00". Ya Juni, "riba ya sasa 5.50". Riba za sasa tatu ndani ya faili moja! Wamechukua mafaili ya miezi sita wakayashona pamoja, hakuna aliyekaa akafuta yaliyokwisha wakati wake. Mtu anayesoma kwa utulivu kuanzia mwanzo ataelewa. Lakini nani anasoma hivyo siku nne kabla ya mtihani? Unaruka ukurasa, jicho linaangukia namba, unaondoka nayo.

Na kuna lingine hapohapo, nililigundua kwa msaada wa dada mmoja tunayekaa naye chumba cha kusomea. Huku miji mingi ina vyumba hivyo. Unakodi kiti kwa mwezi, unapewa meza, taa na feni. Yeye namwita "ben", ndivyo Wagujarati wanavyomwita dada. Amefanya mitihani hii miaka minne. Septemba aliona nimeandika kwenye daftari kwamba akiba ya lazima ambayo mabenki huweka benki kuu ni asilimia 3, kama kusanyiko lilivyosema. Akaniuliza, "Ya lini hiyo?" Nikasema ya Juni. Akanifungulia tangazo lenyewe la benki kuu. Ni kweli tarehe 6 Juni walitangaza kupunguza kutoka 4 hadi 3, lakini kwa awamu nne, robo asilimia kila awamu: 6 Septemba, 4 Oktoba, 1 Novemba na 29 Novemba. Mtihani wangu ulikuwa Oktoba, katikati ya awamu ya pili na ya tatu. Siku hiyo namba sahihi ilikuwa 3.5. Kusanyiko liliandika mwisho wa safari likaacha njia yote.

Tangu hapo nikabadilisha namna ya kurudia. Nilinunua daftari la kurasa nyepesi na penseli, nikaacha kalamu kabisa. Kila jambo linalobadilika nikalipa ukurasa wake: riba, magavana na wenyeviti, idadi ya benki, viwango vya bima, orodha ya maeneo oevu yaliyoingizwa Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kuyalinda. Habari mpya ikija siiongezi chini. Naifuta ile ya zamani, naandika mpya, na pembeni naweka tarehe ilipoanza kutumika, siyo tarehe ilipotangazwa. Ukurasa wa riba nimeufuta mpaka karatasi imeota manyoya. Daftari zima lina kurasa arobaini, naweza kulimaliza kwa saa mbili. Kurasa mia tatu za kusanyiko sikuwahi kuzimaliza hata mara moja.

Jioni mama akisukuma chapati mimi namsimulia ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Yeye hajui lolote la mtihani, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu hakubali maneno matupu. Nilimwambia bima ya amana, yaani ya pesa ulizoweka benki, ni rupia laki 5, akauliza, "Yaani benki ikifa nikiwa na laki 8, tatu zimekwenda?" Nikajikuta namweleza kwamba laki 5 ndicho kiwango cha juu cha bima kwa mtu mmoja katika benki moja, kwamba kabla ya Februari 2020 kilikuwa laki 1 tu, na kwamba kinachozidi hapo hakina bima. Kwenye Kiingereza ningekariri namba nikapita. Na uone maneno yenyewe: laki, bima, hundi, rupia. Yote haya tumeyatumia pwani tangu zamani na huku yapo vilevile. Mtoto wa Tanga haingii kwenye uchumi wa India akiwa mgeni kabisa.

Hata Afrika Mashariki yenyewe imo kwenye habari zao kuliko nilivyotegemea, na hapo huduma niipe haki yake, walifanya vizuri. Umoja wa Afrika kuingia G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, kwenye mkutano wa New Delhi, Septemba 2023, walieleza kwa kina. Ziara ya Rais Samia mwezi uliofuata, wameiweka. Kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka huohuo, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, iliulizwa kwenye jaribio la Jumapili ikiwa na Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kama majibu mengine. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, imo kwenye orodha yao ya siku za kimataifa. Niliiona nikiwa kwenye kiti changu pale chumba cha kusomea, nikamwonyesha ben, akanitaka nimwambie kitu kwa Kiswahili. Nikamfundisha "shikamoo", na sasa ananiamkia hivyo kila asubuhi ingawa yeye ndiye mkubwa.

Usaidizi wao kwa wateja haukunipa shida. Programu inakula data, kwa hiyo pakua mafaili ukiwa na wifi. Kufuta usajili ni rahisi.

Oktoba nilifanya mtihani mkuu, na mara hii nimeitwa kwenye usaili. Siwezi kusema huduma ndiyo iliyonivusha, maana namba nilizoingia nazo zilitoka kwenye daftari, na zile za benki kuu nilizisoma kwenye matangazo yake yenyewe. Lakini majaribio ya Jumapili ndiyo yaliyonionyesha ni kurasa zipi za daftari zina mashimo.

Kwa hiyo binamu, jibu langu ni hili. Usilipe rupia 1,200. Wana kifurushi cha majaribio peke yake cha miezi mitatu, kwa rupia 350. Chukua hicho, ukianze miezi mitatu kabla ya mtihani mkuu, siyo mapema. Habari za nyuma zaidi ya miezi sita usizihangaikie sana isipokuwa bajeti ya Februari 1 na zile namba za benki. Visanduku vya nchi usivikariri mpaka umevihakiki. Nunua penseli na kifutio kizuri. Desemba 5, 2025 riba ya repo ilishuka tena hadi 5.25, usiandike 5.50 hata kama utaikuta kwenye faili la mtu.

Mimi kwa ajili ya usaili nimelipia hicho kifurushi kidogo. Makusanyiko sikuyachukua.