Hinge kwa mwanamume mpole

Miongoni mwa programu za kutafuta mchumba, Hinge ndiyo inayompa mwanamume mstaarabu nafasi ya kusikika. Wasifu una hadi picha 6 na majibu 3 ya maswali mafupi unayochagua kwenye programu, kila jibu lisizidi herufi 150. Hapo wengi huteleza: "napenda kusafiri na kucheka" haimpi mtu pa kuanzia mazungumzo. Taja jambo moja mahususi. Ukivutiwa na mtu, usitume alama ya moyo pekee. Andika neno kuhusu picha au jibu lake, maana ataliona kabla ya kukukubali.

Kinachoumiza ni kimya. Mazungumzo hukatika bila kwaheri, na adabu haizuii hilo. Mkishaitikiana vizuri, pendekeza siku na mahali. Kungoja wiki mbili kwa kuogopa kusumbua huua hamu.