Nimemaliza Star Trek: Voyager yote, ila ya Tuvix bado inaniuma

Wadau, nimemaliza Star Trek: Voyager, ile siriz ya TV ya meli ya angani, sizoni zote 7, na mazuri yake nitayasema ila la Tuvix lazima nianze nalo maana ndilo lililonifanya niandike. Kama hujaiona na hutaki kujua kinachotokea, ishia hapa.

Ni episodi ya mwaka 1996, sizoni ya 2. Tuvok na Neelix, wawili wa wahudumu wa meli, wametumwa sayari fulani kukusanya maua, sasa wakati wanarudishwa melini kwa ile mashine inayohamisha watu wanachanganyika wao wawili na ua lenyewe, anatokea mtu mmoja, ndiye Tuvix. Anakumbuka kila kitu cha Tuvok na kila kitu cha Neelix lakini ni mtu mwingine kabisa, ana akili kali, mchangamfu, kazi anapiga, jikoni anaingia, watu wanaanza kumpenda. Zinapita wiki kadhaa, Daktari wa meli anapata njia ya kuwatenganisha. Na Tuvix anasema hataki, anataka kuishi.

Hapo ndipo inapouma. Anasimama mbele ya wenzake aliokuwa anafanya nao kazi, anaomba, anamwangalia huyu anamwangalia yule, hakuna anayefungua mdomo. Mpaka anawaambia anawasamehe. Daktari, ambaye hata si binadamu, ni programu ya kompyuta, anagoma, anasema hawezi kumtoa mtu uhai bila ridhaa yake. Basi Kepteni Janeway anashika mitambo mwenyewe, Tuvok na Neelix wanarudi, anawakaribisha, anatoka kwenye korido na sura ngumu, imeisha.

Miaka yote watu wanabishana Janeway ni muuaji au siyo. Hoja yake naielewa, kwamba wale wawili nao wana haki ya kuishi, wana watu wanaowapenda na hawana wa kuwasemea. Ila mi niko na Daktari. Mtu hana kosa, yuko mbele yako anakuomba umwache, huwezi kumfanya yeye ndiyo dawa ya kuwarudisha wengine.

Lakini kinachonikera hasa siyo uamuzi wa Janeway, ni waandishi. Episodi inayofuata maisha yanaendelea kama kawaida! Tuvok na Neelix hawakai wakaongea hata mara moja kuhusu yule mtu, Janeway haonekani kukosa usingizi, yaani swali zito namna ile linafungwa na korido tu. Najua enzi zile episodi zilikuwa zinarushwa moja kwa wiki na walitaka aliyekosa wiki iliyopita asipotee, sawa. Mbona Deep Space Nine, siriz nyingine ya Star Trek, ilikuwa hewani miaka hiyohiyo na mwaka 1998 ikatoa episodi ya In the Pale Moonlight, ambayo Kepteni Sisko anaidanganya serikali ya Romulan, taifa jingine la angani, ili iingie vitani, watu wanakufa, na episodi nzima ni yeye anasimulia alichofanya huku anajilazimisha kukubali kwamba anaweza kuishi nacho, halafu anafuta rekodi yote. Pale mwenye uamuzi anaubeba mbele yetu.

Na Voyager wenyewe walikuwa wanaweza, ndiyo maana nakasirika. Angalia episodi ya Latent Image, 1999. Daktari alikuwa na wagonjwa wawili, nafasi ya kuokoa ni mmoja, akamwokoa Harry Kim ambaye ni rafiki yake, yule binti mwingine akafa, na Daktari akashindwa kujisamehe mpaka programu yake ikaanza kuharibika. Janeway akaamuru kumbukumbu hiyo ifutwe. Daktari anapokuja kugundua inabidi Janeway afikirie upya kama ana haki ya kumfanyia vile, na mwishoni anakaa naye hapohapo wakati Daktari anahangaika na mawazo, anasoma kitabu, mpaka usingizi unampitia kwenye kiti. Hakuna jibu linalotolewa, na nilitamani Tuvix naye angepewa hata robo ya muda ule.

Kwa ujumla siriz ni nzuri, Daktari na mhusika mwingine, Seven of Nine, peke yao wanatosha kukufanya umalize, sizoni 2 za mwanzo zinasuasua kidogo. Kama huna muda wa zote, angalia Tuvix halafu Latent Image siku hiyohiyo, na ukae na mtu mbishi.