PubMed: nimeitumia muhula mzima kwa tasnifu yangu ya uuguzi

Tasnifu yangu inahusu mshtuko wa moyo kwa wanawake. Wiki ya kwanza nilitafuta kwa injini ya kawaida ya mtandaoni, nikaambulia blogu na matangazo ya dawa. Mkutubi ndiye aliyenifungulia PubMed, na sasa sianzii pengine.

Ni kanzidata ya makala za kitabibu ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko mtandaoni tangu 1996, ni ya bure, na ina rekodi zaidi ya milioni 35. Lakini ukubwa wake si kitu ukilinganisha na MeSH, msamiati maalumu ambao makala huwekewa kama lebo. Mwandishi mmoja anasema "heart attack", mwingine "myocardial infarction". Lebo yao ni moja. Ukiandika "heart attack" bila alama zozote, PubMed yenyewe inakuongezea hilo jina la kitabibu. Unaweza kulishuhudia: ingia Advanced, shuka kwenye historia ya utafutaji, bofya mshale ulio chini ya Details. Utaona maneno yako mawili yamegeuka mstari mrefu wa visawe. Mimi nilitulia hapo karibu saa nzima nikijaribu neno moja baada ya jingine.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Nilikuwa nafunga kila kitu kwenye alama za kunukuu nikidhani ndiyo umakini, kumbe ukiziweka, au ukiweka kinyota mwishoni mwa neno, PubMed inaacha kukutafutia visawe. Makala nyingi nzuri zilinipita hivyo. Jambo jingine: AND na OR, zinazounganisha maneno unayotafuta, ziandike kwa herufi kubwa, na maneno ya OR yafunge kwenye mabano, kwa sababu mashine inasoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Upungufu upo. Mara nyingi unapata ikisiri tu. Kichujio cha Free full text kinasaidia, na makala nyingine kamili ziko PubMed Central. Zilizobaki niliombewa na maktaba. Halafu hakuna kichujio cha makala zilizopitiwa na wataalamu. Majarida mengi yaliyomo hupitiwa, ila barua kwa mhariri na tahariri nazo zimo humo humo, kwa hiyo angalia aina ya makala kabla ya kunukuu. Na kwa tafiti za mahojiano na wagonjwa, nilipata zaidi CINAHL, kanzidata ya uuguzi ambayo maktaba ndiyo inailipia. Mwanafunzi wa uuguzi asiiache.

Kitu ninachokipenda mno: nilifungua akaunti, nikahifadhi utafutaji wangu, na kila Jumatatu naletewa makala mpya kwa barua pepe. Wiki hii zimekuja saba. Mbili tayari ziko kwenye sura yangu ya pili.