Barakoa ya 3M 8210 kwa msimu wa kuchoma miwa

Wakati wa mavuno katika bonde la Kilombero, Tanzania, mashamba ya miwa huchomwa kwanza ili majani makavu yaishe na wakataji wapite. Majivu meusi yanayotua kwenye nguo zilizoanikwa yanaudhi tu. Hatari kubwa ni chembe zilizo chini ya mikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa na barakoa nyepesi za hospitali hazifai, moshi hupenya pembeni.

8210 ni ya daraja la N95, yaani huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. Ina mikanda miwili ya kichwani, na hapo ndipo inapozishinda zile za kuning'inia masikioni. Mkanda wa juu upite juu ya masikio hadi kisogoni, wa chini ukae shingoni. Bana bati la puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukitumia mkono mmoja linapinda katikati na kuacha mwanya. Kisha ifunike kwa viganja, upumue nje kwa nguvu. Upepo ukigusa macho, bana upya. Mwenye ndevu anyoe, la sivyo anapoteza pesa.

Kasoro yake: haina vali, yaani kitundu cha kutolea pumzi, hivyo kwenye joto la bondeni inachosha na kulowa jasho. Usiifue wala kuipulizia spiriti, maana chaji ya umeme tuli inayonasa chembe hupotea. Mkanda ukilegea au pumzi ikiwa nzito, itupe. Haizuii gesi, wala haimkai mtoto. Yeye abaki ndani, madirisha yafungwe hadi moshi upungue.