Kipimo cha aleji ya chuma: nyota 4 kati ya 5

Kama una chuma mwilini na ngozi ya juu yake inakuwasha, huenda uzoefu wangu ukakufaa.

Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Niliwekewa plati mguuni baada ya ajali ya bodaboda. Mfupa uliunga vizuri, lakini ngozi kwenye kovu ikaanza kuwasha na kutoa vipele. Mtaani walishasema damu yangu haipatani na chuma. Daktari hakukimbilia huko. Alianza kutafuta maambukizi kwa kipimo cha damu na eksirei, kwani usaha wa ndani ni hatari zaidi na dalili zake zaweza kufanana na za aleji. Alipoona hakuna, akauliza: hereni za bei rahisi zinakusumbua? Tangu usichana! Chuma cha pua (kile kisichoshika kutu) cha plati nyingi kina metali iitwayo nikeli zaidi ya asilimia 10, na nikeli ndiyo hiyo hiyo ya kwenye hereni. Mbona hawakuniuliza kabla ya upasuaji?

Kipimo nilikifanyia Dar es Salaam. Hakina sindano. Unabandikwa mgongoni plasta zenye nikeli, kobalti, kromi na kadhalika, zinakaa saa 48. Wakishabandua wanasoma ngozi, halafu unarudi kusomwa tena siku za mbele, maana aleji hii huja taratibu. Kwa hiyo ukitoka Tanga tafuta kabisa pa kufikia. Ukiwa unameza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na aleji, sema mapema, inaweza kuficha majibu.

Sharti gumu ni kutolowesha mgongo wala kutoka jasho. Jasho, kwenye joto la kaskazi! Nilishinda chini ya feni, na bado kona moja ya plasta ikaanza kuachia, shangazi akaikaza.

Penye nikeli pakavimba, pakawa pekundu. Kwingine kimya. Nilidhani kesi imeisha, kumbe majibu yanasema ngozi yangu haitaki nikeli, hayathibitishi kwamba plati ndiyo mkosaji. Wapo wengi wenye aleji hii wanaoishi na plati kama yangu bila shida. Nyota moja nimeipunguza hapo, ingawa si kosa la waliopima.

Hata hivyo yalisaidia kuamua. Kwa kuwa mfupa umeshaunga, plati haina kazi tena, itatolewa. Nikihitaji nyingine, nitaomba ya titani. Majibu nimeyatoa kopi, moja ya daktari wa meno, kwani hata nyaya za kunyooshea meno mara nyingi zina nikeli.