Godoro kwa mwenye maumivu ya mgongo: lipi la kununua kwanza na lipi la kuacha

Mtu anayeumwa mgongo akiingia katika duka la magodoro, liwe Kariakoo au katika mji wowote wa mkoani, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kwamba achukue gumu kuliko yote. Ushauri huo ni wa siku nyingi na hata madaktari wamekuwa wakiutoa, lakini ulipopimwa haukusimama. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Hispania kwa watu wazima 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo, ambayo chanzo chake mahususi hakikuwa kimebainika. Baadhi yao walipangiwa godoro gumu na wengine godoro la ugumu wa kati, wakafuatiliwa kwa siku 90. Waliolalia godoro la kati ndio waliopata nafuu kubwa zaidi, wakiwa kitandani na walipoamka, na ndio waliopungukiwa zaidi na usumbufu katika shughuli zao za kila siku. Katika kipimo kilichotumika, ambapo 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa, godoro gumu lilikuwa na 2.3 na lile la kati lilikuwa na 5.6. Ni vizuri kuziangalia tarakimu hizo, kwa sababu muuzaji akisema “hili ni la kati” mara nyingi huwa anamaanisha gumu lililopunguzwa kidogo tu.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Uti wa mgongo una mikunjo yake ya asili. Ukilala chali juu ya kitu kigumu mno, uzito hubebwa na mabega na makalio, kiuno kikabaki kinaning’inia, na misuli yake ikaendelea kufanya kazi usiku kucha. Ukilala juu ya kitu laini mno, makalio huzama na kiuno hupinda. Godoro linalofaa ni lile linaloruhusu mabega na nyonga kuzama kidogo huku likikijaza kiuno kutoka chini.

Kabla ya kutoa pesa, funua kitanda

Kwa maoni yangu, magodoro mengi mazuri yanalaumiwa kwa makosa ya kitanda. Vitanda vyetu vingi vya mbao vina chaga chache, zimepangwa mbalimbali, na nyingine zimepinda katikati au zimetoka kwenye msumari. Godoro la sponji likiwekwa juu yake hufuata umbo la kilicho chini yake, na baada ya miezi michache mwenye nyumba anasema godoro limebonyea. Funua godoro, kandamiza kila chaga kwa goti, kisha pima nafasi kati ya chaga na chaga: ikizidi inchi 3 hivi, mwite fundi seremala aongeze mbao. Kitanda cha futi sita kwa sita kinahitaji pia mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Bila mguu huo, mhimili utapinda pamoja na chaga zake. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na godoro jipya.

Lipo jaribio la kukuonyesha kosa liko wapi. Lishushe godoro sakafuni, juu ya mkeka au jamvi safi, na ulale hapo kwa siku chache. Ikiwa mgongo unaamka na nafuu, tatizo ni kitanda. Ikiwa hali haibadiliki na ukikaa pembeni unaona shimo la mwili wako katikati ya godoro, hapo ununuzi una sababu. Lisiachwe sakafuni kwa muda mrefu, hasa Pwani, kwani unyevu wa chini huleta ukungu.

Densiti na ugumu ni vitu viwili

Dukani maneno haya huchanganywa, na mchanganyo huo ndio unaowagharimu wanunuzi. Densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo, na ndiyo inayoamua godoro litadumu na umbo lake kwa muda gani. Ugumu ni namna linavyokupokea unapolala. Sponji ya densiti kubwa inaweza kutengenezwa iwe laini, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu siku ya kununua, kisha ikalegea mapema. Mwenye mgongo unaouma anahitaji densiti kubwa na ugumu wa kati kwa pamoja, na aombe vyote viwili kwa majina yake.

Densiti unaweza kuihakiki mwenyewe kwa mizani. Godoro la futi sita kwa sita lenye unene wa inchi 8 lina takriban mita za ujazo 0.68. Likiwa la densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, sponji yake pekee itakuwa na karibu kilo 17. Likiwa la kilo 30 itazidi kilo 20. Na likiwa na kilo 11 tu, ujue densiti yake ni kama 16, hata lebo ikisema vingine. Kwa tano kwa sita la unene huohuo, densiti ya 25 hutoa takriban kilo 14. Ongeza kidogo kwa ajili ya kitambaa. Mizani inaweza kudanganywa, kwa kuwa wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito, kwa hiyo fungua na zipu: ikiwa ndani ya godoro uliloambiwa ni la sponji nzima kuna vipande vya rangi tofauti vilivyogundishwa, au sponji ikifikichwa inatoa ungaunga, liache hapohapo. Muuzaji anayekataa zipu isifunguliwe amekwisha kujibu swali lako.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa godoro la sponji ya densiti ya 28 hadi 32, ugumu wa kati, unene wa inchi 8. Linapatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, linabebeka juu ya bajaji au pikipiki ya mizigo, haliharibiwi na barabara mbovu, na kwa mtu wa kilo 50 hadi 90 hivi linatosha kabisa. Anayezidi uzito huo aende inchi 10 na asikubali densiti ya chini ya 30. Unene peke yake hauponyi mgongo: inchi 12 za sponji nyepesi ni mbaya kuliko inchi 6 za sponji nzuri, na ndiyo bidhaa ninayoiona ikiwavutia watu kwa macho kuliko zote.

La pili ni godoro la springi ambazo kila moja imefungwa katika mfuko wake, lenye tabaka la sponji nzuri juu. Kwa ubora tupu lingeweza kuwa la kwanza. Springi za namna hiyo hubonyea moja moja, kwa hiyo nyonga huzama bila kuvuta kiuno, na mwenzi akigeuka usiku wewe hutikisiki. Pia hupitisha hewa, jambo ambalo mtu wa Tanga au Mombasa atalithamini mwezi Februari. Nimeliweka la pili kwa sababu ya bei, uzito wake, na ugumu wa kuhakikisha kwamba ndani mna springi hizo kweli. Ukilikandamiza kwa kiganja mahali pamoja, eneo lote la jirani halipaswi kushuka pamoja nalo.

Godoro la mpira asilia, yaani lateksi, linashika nafasi ya tatu. Hunesa, hudumu kwa muda mrefu, halishiki joto sana, na hubeba kiuno vizuri. Ni ghali, ni zito kuligeuza, na ni wachache wanaoliuza. Ukilipata kwa bei unayoimudu, chukua.

Nafasi ya nne ndiyo itakayozua ubishi, maana hapo nimeliweka godoro linaloitwa la othopediki. Jina hilo ni la biashara. Kinachokuhusu ni kilichomo ndani. Mara nyingi ndani mna sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa mgandamizo, nzito na ngumu sana, kiasi kwamba sita kwa sita huhitaji watu wawili kulinyanyua. Likiwa na tabaka la juu la sponji laini ya inchi 2 au zaidi, linafaa kwa mtu mnene na kwa anayelala chali muda wote. Likiwa tupu, bila tabaka hilo, linarudi kwenye lile gumu ambalo utafiti wa Hispania ulilionyesha kuwa la pili kwa ubora. Mwembamba anayelala kiubavu asilinunue kabisa, kwani bega litaanza kumuuma kabla mgongo haujapona. Magodoro ya usumba yaliyofunikwa kwa sponji yanaingia katika kundi hilihili, ingawa yanapitisha hewa vizuri zaidi.

La tano ni la sponji ya kumbukumbu, ile inayobaki na alama ya kiganja kwa sekunde kadhaa. Ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi za shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Hulegea kwa joto na kukaza kwa baridi, na tabia hiyo ndiyo iliyoishusha hapa. Njombe, Limuru au Lushoto inaweza kufaa sana. Dar es Salaam, katika chumba kisicho na feni wala kiyoyozi, utazama na kutoka jasho, na kugeuka kutakuwa kazi. Anayeipenda anunue tabaka lake jembamba la kuweka juu ya godoro la kwanza katika orodha hii.

Godoro la sufi au pamba limewalaza wazee wetu wa Pwani, na fundi mzuri akilijaza upya linakuwa la ugumu wa kati kwelikweli. Tatizo ni kwamba sufi husogea na kufanya mabonge, na godoro lisiloanikwa wala kuchambuliwa huwa na vilima na mabonde baada ya muda. Kwa mwenye maumivu linafaa tu ikiwa ana fundi karibu.

Chini ya hayo sipendekezi kitu. Springi za bei nafuu zilizounganishwa pamoja hulegea katikati, sponji ya densiti ya 16 hupoteza umbo mapema, na godoro la mtumba huja na umbo la mtu mwingine, pengine na kunguni wake.

Wenza wenye uzito unaotofautiana sana, au ambao mmoja wao tu ndiye anayeumwa, wanaweza kununua magodoro mawili ya tatu kwa sita yenye ugumu tofauti na unene sawa, wakayaweka sambamba juu ya kitanda cha sita kwa sita chini ya shuka moja. Wauzaji huwa hawalitaji hili, lakini linafanya kazi.

Kulijaribu dukani

Kulibonyeza kwa ngumi hakukuambii lolote. Omba lishushwe kutoka kwenye rundo, liwekwe mahali tambarare, vua viatu na ulale kwa dakika 10 au zaidi. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita huku na huku bila kugusa chochote, godoro ni gumu mno kwako. Kikishindwa kuingia, ni laini mno. Kikiingia kwa kusuguana na godoro pamoja na mgongo, uko karibu na penyewe. Kisha lala kiubavu na umwombe uliyefuatana naye akupige picha kwa simu kutoka nyuma: mstari kutoka shingoni hadi kwenye kifandugu unapaswa kuwa karibu kunyooka. Anayelala kiubavu achague la ugumu wa kati linaloelekea kwenye ulaini. Anayelala kifudifudi achague linaloelekea kwenye ugumu, ingawa mlalo huo wenyewe ni mzigo kwa shingo na kiuno. Mto kati ya magoti kwa anayelala kiubavu, au chini ya magoti kwa anayelala chali, huongeza nafuu bila gharama yoyote.

Angalia alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, dai risiti, na usome waranti inahesabu kubonyea kuanzia inchi ngapi. Waranti nyingi hukataa godoro lenye madoa, hivyo kifuniko cha kuzuia maji kinunuliwe siku hiyohiyo.

Maumivu yasiyo ya godoro

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwa wengi wao chanzo si kitanda. Ikiwa maumivu yanakuja na ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na mgongo unaouma kwa wiki nyingi vinahitaji kuchunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho bado kipo kwetu. Aliyeanguka au kupata ajali apigwe picha kwanza. Hospitali za rufaa, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zina wataalamu wa fiziotherapia, na kutembea na kufanya mazoezi waliyokuelekeza kunasaidia zaidi kuliko kushinda kitandani.

Godoro jipya lipe wiki tatu hadi nne kabla ya kulihukumu, kwa kuwa misuli iliyozoea shimo la godoro la zamani huweza kulalamika mwanzoni. Kama lilikuja limeviringishwa na kufyonzwa hewa, liache siku moja hadi tatu lijae. Baada ya hapo, kila miezi mitatu hivi, upande wa kichwani upelekwe miguuni. Kulipindua juu chini ni kwa yale tu yasiyo na tabaka maalumu la kulalia.